Balbu ya LED Iliyokufa Mapema: Namna ya Kusoma Dalili na Kupata Chanzo

Katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, balbu ya LED, ambayo wengi wetu tunaiita ampuli tu, huuzwa ndani ya sanduku lililoandikwa saa 15,000, saa 25,000 na wakati mwingine hata saa 50,000. Muuzaji huijaribu mbele ya mnunuzi, ikawaka, mnunuzi akalipa na kwenda zake. Baada ya miezi minne balbu hiyo imezimika, na mwenye nyumba anahitimisha kwamba ameuziwa kitu cha bandia. Huenda ni kweli. Lakini nimefungua balbu nyingi zilizokufa, zikiwemo za bei nzuri, na mara nyingi nimekuta kwamba punje zinazotoa mwanga bado ni nzima, ila kilichokufa ni kitu kingine ndani ya kitako chake, na kitu hicho kiliuawa na nyumba yenyewe. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na dalili: namna balbu ilivyokufa hueleza kilichoiua.

Namba ya kwenye sanduku inapima nini

Mwaka una saa 8,760. Balbu inayodaiwa kudumu saa 25,000 ingepaswa kuwaka usiku na mchana kwa karibu miaka mitatu ili dai hilo lithibitishwe, na hakuna kiwanda kinachosubiri muda huo kabla ya kuuza. Kinachofanyika ni kwamba punje zenyewe huwashwa katika maabara kwa angalau saa 6,000, joto likiwa limedhibitiwa na umeme ukiwa umetulia, mwanga wake ukapimwa mara kwa mara, kisha hesabu ikakadiria ni lini mwanga huo utakuwa umeshuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Utaratibu wa vipimo hivyo hujulikana kama LM-80, na ule wa makadirio TM-21, ambao hauruhusu makadirio yapite mara sita ya muda uliopimwa.

Kwa hiyo namba ile haisemi ni lini balbu itazimika. Inasema ni lini itakuwa imefifia kwa theluthi moja hivi. Tena kwa kawaida ni namba ya kundi zima: nusu ya balbu zinatarajiwa kuwa zimeshafika mwisho wakati huo, na nusu bado. Na lililo kubwa kuliko yote, kipimo hicho ni cha punje, si cha saketi ndogo iliyofichwa kwenye kitako, ambayo kazi yake ni kupokea volti 220 za ukutani na kuzigeuza kuwa mkondo mtulivu ambao punje zinaweza kuuvumilia. Ndani ya saketi hiyo, hasa katika balbu zilizotengenezwa vizuri, mna kapasita yenye umajimaji, yaani kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi ili kuutuliza, na kanuni ambayo mafundi wa elektroniki huitumia ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita hiyo kwa nusu. Punje inaweza kuishi miaka ishirini. Jirani yake wa kwenye kitako haishi hivyo.

Ukiwasha balbu saa tano kila siku, saa 15,000 ni miaka minane na kidogo. Taa ya nje inayowaka usiku kucha, saa 12, humaliza saa 25,000 kabla ya miaka sita. Mimi tangu 2018 huandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye shingo ya kila balbu ninayoiweka, na daftari hilo la shingoni limenifundisha mengi kuliko masanduku: balbu ya koridoni ya mwaka huohuo bado inawaka, ilhali mahali pa jikoni pamemeza nne. Nyumba moja, umeme mmoja, duka moja. Nitarudi kwenye jiko hilo.

Jambo la kwanza kabla ya yote

Zima swichi, subiri balbu ipoe, itoe, uijaribu mahali pengine ambapo balbu nyingine inawaka bila shida. Kisha chukua ile nzima uiweke mahali palipo na tatizo. Kama tatizo limehama pamoja na balbu, chanzo kiko ndani ya balbu. Kama limebaki palepale, chanzo kiko kwenye kishikio cha balbu, ambacho mafundi wetu wanakiita duyi, au kwenye swichi, au kwenye nyaya. Inashangaza ni watu wangapi huruka hatua hii ya dakika mbili na kwenda moja kwa moja kununua balbu nyingine.

Balbu imezimika ghafla na haikuwaka tena

Uliza kwanza: ilizimika wakati gani? Kama ilikuwa inawaka vizuri, umeme wa mtaa ukakatika, na uliporudi balbu ikawa imekufa, mtuhumiwa wa kwanza ni kule kurudi kwa umeme. Umeme unaporudi, nusu ya vifaa vya mtaa bado vimezimwa, volti huweza kupanda juu ya kiwango kwa muda mfupi, na mota za friji na pampu zinazoanza kwa pamoja huiyumbisha laini hadi itulie. Balbu ambayo swichi yake imeachwa ikiwa imewashwa hupokea misukosuko hiyo yote. Hapa ndipo hesabu ya saa inapotudanganya sisi wa Bukavu: kukatika kwa umeme kunapunguza saa ambazo balbu inawaka, kwa hiyo kwa karatasi ingepaswa kudumu zaidi, lakini kila kurudi kwa umeme ni pigo, na mapigo hayo hayaandikwi kwenye sanduku lolote. Dawa yake haigharimu kitu: umeme ukikatika, zima swichi za taa, acha moja tu ya kukujulisha kwamba umerudi, na ukisharudi subiri dakika tatu au nne kabla ya kuwasha nyingine. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachochelewesha umeme dakika chache na kuukata volti zikipanda au zikishuka mno, kinaweza pia kufungwa na fundi kwenye laini ya taa.

Kama balbu ilikufa wakati wa mvua, fikiria radi kwanza. Milima yetu iko katika moja ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko karibu kwingine kote duniani. Uchambuzi wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, ambayo ni mlango wa jirani kwa Bukavu, katika nafasi ya pili nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa wastani wa miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Si lazima radi ipige paa lako. Ikipiga karibu na laini ya nguzo, wimbi la volti husafiri kwenye nyaya na kuingia nyumba nyingi kwa pamoja, na saketi ndogo ya balbu ndiyo yenye ngozi nyembamba kuliko vyote. Dalili yake ni kufa kwa vitu kadhaa saa ileile: balbu mbili, chaja ya simu, pengine dekoda. Kifaa cha kuzuia radi kinachofungwa kwenye kisanduku kikuu husaidia, ila kwa sharti kwamba nyumba ina waya wa ardhi ulio hai kweli, kwa maana kazi ya kifaa hicho ni kuupeleka umeme ule ardhini, na bila njia ya ardhini hakina pa kuupeleka. Kidhibiti volti cha kawaida, yaani stabilizateri, hakizuii radi: huchukua sehemu ya sekunde kubadilika, na radi imeshapita zamani.

Kuna chanzo cha tatu ambacho ni cha hatari, nacho ni kukatika kwa waya wa nyutro nje ya nyumba. Nyumba nyingi hupata waya mmoja wa fazi, unaoleta umeme, na mmoja wa nyutro, unaourudisha, wakati nguzo ina fazi tatu zinazogawana nyutro moja. Nyutro hiyo ikilegea au ikikatika kwenye nguzo, nyumba za fazi tofauti hujikuta zimeunganishwa kwa msururu kati ya fazi na fazi, penye volti 380 au zaidi kidogo, na kila nyumba hupata fungu lake kulingana na vifaa vilivyowashwa kwa jirani. Yule mwenye vifaa vichache ndiye anayepata volti nyingi. Dalili zake hazifanani na za kawaida: jirani wa fazi nyingine anawasha pasi, na kwako feni inakwenda kasi zaidi au balbu ya zamani ya waya inang'aa kupita kiasi; au balbu tatu za vyumba tofauti zinakufa jioni moja bila mvua yoyote. Ukiona hivyo, shusha dijonkteri kuu, yaani swichi kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima, mara moja, mwambie jirani naye ashushe, na uite watu wa umeme. Usibadilishe hata balbu moja kabla volti hazijapimwa kwa multimita.

Na kuna kifo kimoja cha kizembe ambacho nimekiona mara tatu: balbu iliwaka kwa sekunde moja, mwanga mkali mweupe, ikazimika milele. Hiyo ilikuwa balbu ya volti 12 ya mfumo wa sola, ambayo huwa na kitako cha kuzungusha kilekile cha balbu ya volti 220. Soma maandishi ya shingoni kabla ya kuifunga.

Inawaka, inazima, inawaka tena yenyewe

Tazama muda. Kama inawaka dakika kadhaa, inazima, halafu baada ya kupoa inawaka tena, huo ni ugonjwa wa joto. Ndani ya balbu punje zimepangwa kwa msururu kama shanga kwenye uzi, na waya ulio mwembamba kuliko unywele unaunganisha kila punje. Balbu ikipata moto, vitu hutanuka, na kiungo kimoja kilichochoka huachana. Ikipoa, kiungo hurudi. Kwa kuwa ni msururu, punje moja ikiachana zote huzimika. Ukifungua kifuniko cha balbu ya namna hiyo, baada ya kuitoa kabisa kwenye umeme, aghalabu utaona punje moja yenye nukta nyeusi katikati ya manjano yake. Hiyo ndiyo iliyokufa.

Wapo mafundi wanaoziba punje hiyo kwa tone la risasi na balbu ikawaka tena. Sitasema hawajui kazi, inawaka kweli. Lakini volti zilizokuwa zikibebwa na punje ile sasa zinahamia kwingine, na katika balbu rahisi zinabebwa na chipu ya kudhibiti mkondo, ambayo inazidi kupata joto, na ni joto hilohilo lililoiua punje ya kwanza. Nimehesabu wiki, si miezi. Tena sahani ya alumini inayobeba punje mara nyingi haijatenganishwa kikamilifu na umeme wa ukutani, kwa hiyo balbu inayotumiwa bila kifuniko, kama ninavyoona katika vibanda vingine, inaweza kumrusha mtu.

Kama kuzima na kuwaka hakufuati joto bali kunatokea mtu anapotembea ghorofani, mlango unapobamizwa au unapogusa swichi, usiitafute balbu. Ni kishikio au swichi. Ulimi wa shaba ulio katikati ya kishikio hubonyea chini kwa miaka, kisha unagusa kitako cha balbu kwa kubahatisha. Cheche ndogo hutokea, weusi unajijenga, na kila cheche ni msukumo mdogo kwa saketi ya balbu. Shusha dijonkteri, hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, inua ulimi huo kidogo kwa ncha ya bisibisi, kwaruza weusi. Kishikio kilichoungua au kupasuka hakitengenezwi, kinabadilishwa.

Mwanga unafifia au kutetemeka jioni

Umeme wetu unazalishwa karibu sana, pale kwenye mto Ruzizi, penye mtambo wa kwanza uliojengwa miaka ya 1950 na wa pili ulioanza kazi 1989. Lakini ukaribu wa mtambo hausaidii kitu kama mita 200 za mwisho, kutoka nguzo hadi nyumba iliyoning'inia mlimani, zimevutwa kwa waya mwembamba. Hesabu yake ni rahisi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ukienda mita 200 na kurudi 200, una ukinzani wa karibu omu 2.8; jirani mnayeshirikiana naye waya huo akiwasha vitu vinavyovuta ampea 10, volti 28 zinapotelea njiani. Na huyo ni jirani mmoja.

Balbu zenye saketi nzuri, zilizoandikwa mathalani volti 85 hadi 265, hazitaonyesha chochote: volti zikishuka hadi 150 zinaendelea kutoa mwanga uleule. Balbu rahisi, ambayo haina ndani yake zaidi ya chipu moja na rezista mbili, haina uwezo huo. Punje zake kwa pamoja huhitaji, tuseme, volti 240 ili mkondo upite. Umeme wa volti 220 una kilele cha karibu 311, kwa hiyo unapita bila shida, lakini ukishuka hadi 160 kilele chake ni 226 tu, na punje hazipitishi kitu. Kati ya hapo balbu hutetemeka. Kwa hiyo kama sebuleni kuna balbu mbili za viwanda tofauti, na jioni moja inatetemeka huku ya pili imetulia, hujapata balbu mbovu. Umepata habari kuhusu volti za mtaa wako na kuhusu ubora wa balbu kwa pamoja.

Mtetemo usioonekana kwa macho ila unaoonekana kwenye kamera ya simu kama mistari inayopita si ugonjwa. Umeme wa mizunguko 50 huifanya balbu isiyo na kapasita ipande na kushuka mara 100 kwa sekunde. Haiiui balbu, ingawa huwachosha macho wengine wanaposoma. Balbu inayoifanya redio ikorome haina kichujio ndani yake, basi. Umeme wa jenereta ndogo hupanda na kushuka pamoja na mafuta na mzigo, na huziua balbu rahisi kwa njia ileile ya volti za juu. Pima volti zake kabla ya kuzilaumu.

Imezimwa lakini inabaki na mwanga hafifu

Wazee wengine huogopa jambo hili. Sababu yake ni kwamba LED inahitaji mkondo mdogo sana ili ionekane, na nyaya mbili zinazolala sambamba ndani ya ukuta huambukizana umeme kidogo hata swichi ikiwa imezimwa. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonekana gizani hupitisha pia mkondo wake kupitia balbu. Katika hali hizo mbili hakuna hatari.

Hali ya tatu si ya kupuuzwa: swichi imewekwa kwenye waya wa nyutro badala ya fazi. Balbu inazimika, lakini kishikio kinabaki na volti 220 muda wote, na yule mtoto wa nyumbani anayepanda juu ya kiti kubadilisha balbu akiamini swichi imezimwa ndiye anayelipa. Fundi mwenye bisibisi ya kupimia atalijua ndani ya dakika moja: swichi ikiwa imezimwa, ncha zote mbili za kishikio hazipaswi kuwasha kitaa cha bisibisi hiyo kwa nguvu. Kurekebisha ni kubadilishana nyaya mbili kwenye kisanduku cha maungio.

Imefifia polepole

Hiki ndicho kifo cha haki, kile ambacho namba ya sanduku inakizungumzia, na ni nadra kukiona kwa sababu vifo vingine hutangulia. Balbu yenye miaka saba ambayo haimulikii daftari la mwanafunzi kama zamani imemaliza kazi yake. Rangi ikigeuka kuwa ya buluu, ile poda ya manjano inayofunika punje imechakaa kwa joto. Punje zenyewe hutoa mwanga wa buluu, na poda ndiyo inayoufanya uwe mweupe. Kifuniko cha plastiki kinaweza kugeuka manjano. Lakini kabla ya kutupa, ipanguse kwa kitambaa kikavu ikiwa imepoa: masizi ya makala, yaani mkaa, hupunguza mwanga kiasi cha kumfanya mtu adhani balbu imezeeka.

Kila balbu inayowekwa mahali pale inakufa

Ndipo tunaporudi jikoni kwangu. Balbu ya kwanza miezi saba, ya pili miezi mitano, ya tatu, ya bei kubwa zaidi, miezi tisa, ya nne mwaka mmoja kasoro. Kwa kuwa koridoni hakukuwa na tatizo, umeme haukuwa mshtakiwa. Kilichokuwepo jikoni ni duara la kioo lililofungwa pande zote, la zamani, kama lile linalopatikana katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Nguba na Muhumba, lililotengenezwa kwa ajili ya balbu ya waya. Balbu ya waya haikujali joto; ilikuwa joto yenyewe. LED ni kinyume chake: hutumia wati 9 kutoa mwanga ambao ile ya zamani iliutoa kwa wati 60, lakini sehemu kubwa ya wati hizo 9 hubaki kuwa joto ndani ya kitako, na joto hilo lisipopata hewa hupanda hadi kapasita inapopikwa. Kitako kikiwa juu, kama ilivyo kwa taa nyingi za darini, hewa ya moto hupanda na kukusanyika hapohapo penye saketi. Ongeza mvuke wa bukari, yaani ugali, na joto la mbabula, jiko letu la mkaa, chini yake.

Niliondoa duara la kioo, nikafunga kishikio kilicho wazi ukutani, kando, mbali na mvuke, na nikaweka balbu ya wati 7 badala ya 12. Imemaliza miaka minne.

Kushusha wati ni jambo ambalo watengenezaji wenyewe wanalijua. Mwaka 2016 kampuni ya Philips ilitoa balbu kwa ajili ya mji wa Dubai iliyofikia lumeni 200, yaani vipimo vya mwanga, kwa kila wati, karibu mara mbili ya balbu za kawaida, na siri yake ilikuwa kuweka punje nyingi zaidi na kupitisha mkondo mdogo katika kila moja, ili zifanye kazi zikiwa baridi. Balbu ya bei rahisi hufanya kinyume: punje chache, mkondo mkubwa, mwanga mkali siku ya kununua. Ndiyo maana huuzika.

Kwa taa za nje, mahali pabaya ni pale mvua inapopiga kwa upande. Unyevu huingia kwenye kitako, kutu ya kijani hujengeka, na wadudu hujaa ndani ya kifuniko. Hapo tatizo si balbu bali paa lake.

Ilikuwa hafifu tangu siku ya kwanza

Balbu iliyoandikwa wati 18 inaweza kuwa ya wati 9. Huhitaji maabara ili kujua. Mita nyingi za umeme wa kulipia kabla zina kitaa chekundu kinachomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya kumweka kwa kilowati-saa moja, mathalani 1,000. Chomoa kila kitu nyumbani, acha balbu hiyo tu, na uhesabu muda kati ya kumweka na kumweka: kwa mita ya 1,000, wati 10 humweka mara moja kila dakika sita, wati 20 kila dakika tatu. Ikiwa ile iliyoandikwa 18 inachukua dakika saba, umejua. Dukani, tafuta sanduku linalotaja lumeni, si wati peke yake, na uzipime balbu mkononi: iliyo na alumini ya kutosha ya kuondoa joto ni nzito kuliko ganda la plastiki tupu.

Balbu ya kuchaji haifanyi inavyotarajiwa

Balbu zenye betri ndani, zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, zimejaa Bukavu kwa sababu iliyo wazi, na malalamiko juu yake mengi hutokana na kutojua inavyotambua kwamba umeme umekatika. Yenyewe haina macho. Inachofanya ni kupima kama kati ya ncha zake mbili kuna njia. Umeme ukikatika huku swichi ya ukutani imewashwa, njia ipo, ikipitia vifaa vingine vya nyumba vilivyochomekwa, basi balbu inajiwasha kwa betri. Ukizima swichi, njia inakatika, balbu inazimika. Ndiyo sababu inawaka ukiishika mkononi kwa vidole viwili: mwili wako umekuwa njia.

Kutoka hapo dalili zote zinajieleza. Haiwaki umeme ukikatika, ilhali betri ina chaji: huenda umeshusha dijonkteri ya laini ya taa, au umechomoa vifaa vyote, na hakuna njia tena. Haizimiki hata ukizima swichi: swichi ina kitaa ndani, au nyaya zina unyevu unaotengeneza njia ya kujifanya. Inawaka dakika ishirini badala ya saa tatu: betri ya lithiamu imechoka, jambo la kawaida baada ya miaka miwili au mitatu, au haijazi kwa sababu swichi huzimwa mchana kutwa, inachaji pale tu swichi inapokuwa imewashwa na umeme upo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kuzima swichi wakati wa kukatika haufai kwa balbu hii, na inastahili kuwekwa mahali pamoja tu, sebuleni au kwenye ngazi, si nyumba nzima.

Kama shingo yake imevimba au inatoa harufu tamu ya kemikali, itoe leo, iweke nje kwenye chombo cha chuma au juu ya mawe, mbali na watoto na mbali na makala, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa.